Mzee wa Bustani: Maisha ya Alibhai Mulla Jeevanjee

Mwaka huu mwalimu mlezi wa Chama cha Kiswahili alitutaka kila mmoja aandike juu ya mtu mashuhuri aliyeaga dunia zamani. Wenzangu wakamkimbilia Shaaban Robert, Dedan Kimathi na Mekatilili wa Menza. Mimi nilipomtaja Jeevanjee, darasa zima liliangua kicheko. Wengi walidhani Jeevanjee ni jina la bustani tu, basi. Kusema kweli, hata mimi nilikuwa hivyo hivyo mpaka mwaka jana nikiwa Kidato cha Pili.

Ilikuwa siku ya Jumanne. Nilikuwa nimefukuzwa karo, na kwa kuwa sisi wa shule ya kutwa hatuna bweni la kujificha, nikaanza kutembea kuelekea nyumbani. Nikakata njia katikati ya bustani ya Jeevanjee, kutoka upande wa Muindi Mbingu nitokee Moi Avenue. Lo! Kwenye benchi moja nikamwona baba yangu. Alikuwa amevaa nguo zake za kazi, mkononi ana gazeti la Standard la siku hiyo, lilelile linalopita mikononi mwa watu kumi kabla ya jioni. Saa nne asubuhi! Kumbe alikuwa ameachishwa kazi kiwandani wiki tano nyuma, na kila alfajiri alikuwa akituaga kama kawaida, kisha anakuja kukaa hapo hadi jioni. Aliniomba nisimwambie mama. Tukala njugu za shilingi kumi, tukanyamaza. Kwa kukosa la kusema nilimwuliza huyu Jeevanjee alikuwa nani hasa. Hakujua. Mzee aliyekaa kando yetu pia hakujua. Nikaona aibu kidogo, maana tulikuwa tumekalia kitu cha mtu bila hata kumjua mwenyewe. Jumamosi iliyofuata nikaenda maktaba ya McMillan.

Naam, Alibhai Mulla Jeevanjee alizaliwa mwaka 1856 huko Karachi, mji ambao siku hizo ulikuwa chini ya Mwingereza na leo uko Pakistani. Wazazi wake walikuwa Wahindi Waislamu wa Kibohora. Alikuwa na mguu wa kutembea kwelikweli, kwani mwaka 1886 alikuwa ameshafika Adelaide, Australia, akifanya biashara. Mwaka 1890 akatia nanga Mombasa na kufungua tawi la kampuni ya familia yao iliyoitwa A. M. Jeevanjee.

Bahati yake kubwa ilikuja na reli. Waingereza walipotaka kujenga reli kutoka Mombasa mpaka ziwani, walihitaji watu wa kazi, na Jeevanjee akapata kandarasi ya kuwaleta kutoka Bara Hindi, na pia kuwapelekea vyakula. Hapa sitaki kuwapaka wasomaji mafuta kwa mgongo wa chupa. Wafanyakazi kama 32,000 waliletwa nchini kwa kazi ya reli ile, na kama 2,500 kati yao walikufa kwa maradhi, ajali na simba wa Tsavo. Utajiri wa Jeevanjee ulianzia hapo, na mimi sioni haki tukiwasahau vibarua wale tunapomsifu mwenye kandarasi.

Reli ilifika Nairobi mwaka 1899. Msidhani ilikuwa Nairobi hii ya magorofa! Palikuwa kinamasi, mahema na mabati. Mwaka 1902 tauni ilizuka, na wakuu wa serikali wakaamuru soko la Wahindi lichomwe moto. Jeevanjee alikuwa miongoni mwa waliojenga mji upya. Alijenga majumba, akaipangisha hata serikali yenyewe, na mwaka 1904 akajenga soko la mji. Alikuwa pia na meli baharini. Halafu, huku angali Mombasa, alianzisha gazeti lililoitwa African Standard. Mwaka 1905 aliliuza kwa Wazungu wawili, Anderson na Mayer, nao wakalibadilisha jina likawa East African Standard. Niliposoma ukurasa huo nilicheka peke yangu hadi msimamizi wa maktaba akanikazia macho. Yaani baba alikuwa amekaa kwenye bustani ya Jeevanjee akitafuta kazi katika gazeti la Jeevanjee!

Bustani yenyewe aliitoa mwaka 1906. Ni kama ekari tano, katikati kabisa ya mji, mahali ambapo tajiri mwingine angejenga maduka na kula kodi mpaka vitukuu. Yeye aliipanda miti na maua, akawapa watu wa Nairobi. Aliweka humo sanamu ya Malkia Victoria, iliyozinduliwa na mtoto wa malkia mwenyewe, Duke wa Connaught. Wengine husema alitaka kujipendekeza kwa wakoloni. Huenda. Lakini sanamu ile ilivunjwa kichwa na watu wasiojulikana mwaka 2015 na hakuna aliyelia, ilhali siku moja bustani ikifungwa mji mzima utajua.

Kama alikuwa akijipendekeza, basi hakudumu. Mwaka 1909 aliteuliwa kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria, akawa mtu wa kwanza asiye Mzungu kukaa humo. Alikuta Wazungu wamejigawia nyanda za juu zenye rutuba na kuwazuia Wahindi kumiliki ardhi huko. Mwaka 1910 alikwenda London na kuwashtaki walowezi katika magazeti ya huko huko kwao. Walowezi walikasirika si haba. Mwaka 1914 alikuwa mmoja wa waanzilishi wa chama cha Wahindi wa Afrika Mashariki cha kutetea haki zao. Kazi hiyo ilimla wakati na pesa, huku biashara ikimngoja.

Jambo moja lilinikera, na nililiuliza chamani tukabishana mpaka kengele ikalia. Jeevanjee alidai Wahindi wapewe haki ya kununua mashamba ya nyanda za juu sawa na Wazungu. Je, mashamba hayo yalikuwa ya nani? Yalikuwa ya Wakikuyu, Wamaasai, Wanandi na wengine, na hao hawakuwa na kiti katika lile Baraza. Rafiki yangu mmoja alishikilia kwamba kwa sababu hiyo sistahili kumwandika. Mimi nikasema aliona dhuluma iliyomgusa yeye, na ile iliyomgusa jirani yake hakuiona vizuri, nami nitaandika yote mawili.

Mali haikukaa. Alipofariki hapa Nairobi mwaka 1936, akiwa na umri wa miaka 80, sehemu kubwa ya utajiri wake ilikuwa imeyeyuka. Majumba yalikwenda, meli zilikwenda. Bustani haikwenda kwa sababu haikuwa yake tena ya kuuza.

Hata hivyo karibu iende. Mwaka 1991 palitokea mpango wa kuchimba bustani ile ili kujengwa maegesho ya magari na maduka. Mjukuu wake, Bi Zarina Patel, alisimama akapinga hadharani, wakati ambapo kumpinga mkubwa hapa nchini kulikuwa si mchezo. Watu wa Nairobi wakamuunga mkono na mpango ukafa. Baadaye, mwaka 1997, mama huyo alitoa kitabu kuhusu maisha ya babu yake. Katika miaka hiyo hiyo ya tisini watu walianza kukusanyika chini ya miti ile kujadili siasa, wakajiita Bunge la Mwananchi. Sijui kama mzee Jeevanjee alilifikiria hilo, yeye aliyekaa peke yake katika baraza la Wazungu.

Baba alipata kazi nyingine mwezi wa Agosti, ya ubohari. Juzi usiku nilimsomea makala hii kabla ya kuileta kwa mhariri. Alisikiliza hadi mwisho, akajikuna kidevu, akaniuliza kama jarida letu huwa linafika nyumbani na mama atasoma sehemu ile ya Jumanne. Ikanibidi nimwambie kwamba mama alijua tangu wiki ya kwanza. Kile kiwanda cha zamani kilikuwa cha unga, na mama ndiye anayefua nguo. Nguo za baba zilikuwa zikirudi safi.