Padre Damien wa Molokai

Joseph de Veuster, ambaye wengi wamjua kwa jina la Damien, alizaliwa Tremelo, katika nchi ya Ubelgiji, tarehe 3 Januari, 1840. Kaka yake, aliyekuwa padre, alichaguliwa kwenda kufanya kazi katika visiwa vya Hawaii, lakini akaugua. Damien akaomba aende badala yake, akafika Honolulu mwezi wa Machi, 1864.

Siku zile ukoma ulikuwa umeenea visiwani humo, wala haukuwa na dawa. Kwa sheria ya mwaka 1865, wagonjwa walitengwa na jamaa zao wakapelekwa Molokai, kwenye rasi iliyozungukwa na bahari pande tatu, na upande wa nne ni jabali refu. Mwaka 1873 askofu alitafuta mapadre wa kwenda huko kwa zamu. Wanne walijitolea, na Damien, mwenye umri wa miaka 33, akatangulia. Kwa kuwa hapakuwa na nyumba yake, alilala kwanza chini ya mkadi. Baadaye akaomba asiondoke tena.

Damien hakuwa daktari, bali alikuwa mtu wa kazi za mikono. Aliwafunga wagonjwa vidonda, akajenga nyumba za mbao mahali pa vibanda vibovu, akaleta maji safi kwa mabomba, akachonga majeneza. Watoto yatima aliwajengea makao, akawafundisha kuimba na kupiga ala za muziki. Alikula na wagonjwa chungu kimoja.

Mwezi wa Desemba, 1884, alitia miguu yake katika maji ya moto sana, asisikie maumivu. Ndipo alipojua kuwa naye ameshikwa na ukoma. Hata hivyo hakuacha kazi. Wengine walikuja kumsaidia, kama Joseph Dutton, Mmarekani aliyewahi kuwa askari, mwaka 1886, na Mama Marianne Cope, mwaka 1888. Damien alifariki tarehe 15 Aprili, 1889.

Mwaka ule ule wa 1873, Daktari Hansen wa Norway aligundua kijidudu cha ukoma. Tangu miaka ya 1980 ugonjwa huu hutibiwa kwa dawa zinazotumiwa pamoja, na mgonjwa hupona kabisa. Basi sisi wa leo hatuna hata udhuru waliokuwa nao watu wa zamani wa kumkimbia mgonjwa wa ukoma.