Bibi Clara Schumann, Mpiga Piano na Mwalimu

Mji wa Leipzig katika nchi ya Ujerumani wajulikana sana na Wakristo wa Kilutheri. Ndiko Johann Sebastian Bach alikoongoza uimbaji wa kanisa tangu mwaka wa 1723 hata kufa kwake mwaka wa 1750; tena ndio mji wa Misioni iliyowapeleka wamisionari wake Kilimanjaro mwaka wa 1893. Katika mji huo alizaliwa Clara Wieck, tarehe 13 Septemba 1819. Twapenda kuwasimulia wasomaji wetu habari zake, kwa kuwa zina mafundisho kwa kila mtu aliyekabidhiwa kipawa.

Baba yake, Friedrich Wieck, alikuwa amesomea mambo ya dini, walakini kazi yake ikawa kuuza piano na kufundisha watu kuipiga. Piano ni kinanda kikubwa ambacho ndani yake vinyundo vidogo hupiga nyuzi za chuma. Wazazi wa Clara waliachana angali mdogo, naye akakaa kwa baba. Hata alipofika umri wa miaka 4 alikuwa hajui kusema vizuri, na watu wakadhani hasikii. Lakini muziki aliusikia sana. Baba yake akamfundisha kila siku kwa ukali na kwa utaratibu, na mwaka wa 1828, akiwa na miaka 9, akapiga mara ya kwanza mbele ya watu katika jumba la muziki la Leipzig. Miaka 10 baadaye Kaisari wa Austria alimpa cheo cha heshima.

Katika nyumba ya baba yake alikaa kijana mmoja mwanafunzi, Robert Schumann, mtungaji wa muziki. Hao wawili wakapendana, lakini mzee Wieck akakataa katakata. Shauri likafika barazani, mahakimu wakatoa ruhusa, nao wakaoana kanisani tarehe 12 Septemba 1840. Mwaka wa 1843 baba na binti wakapatana tena.

Bibi Clara alizaa watoto 8, na mmoja akafa angali mchanga. Hata hivyo hakuacha kazi yake. Alisafiri mpaka Urusi kupiga piano. Tena alikuwa na moyo wa ushujaa. Mwezi wa Mei 1849 vita vilitokea mjini Dresden, walikokaa wakati ule. Walipokimbia, watoto wadogo watatu walibaki mjini. Basi Clara, naye ni mja mzito, akarudi usiku kati ya watu wenye silaha, akawatoa salama.

Jaribu kubwa likaja mwaka wa 1854. Robert alipatwa na ugonjwa wa akili, akajitupa katika mto Rhine. Watu wakamwokoa, akapelekwa katika nyumba ya wagonjwa karibu na Bonn. Waganga hawakumruhusu mkewe kumwona zaidi ya miaka miwili, mpaka siku chache kabla ya kufa kwake, tarehe 29 Julai 1856. Clara akabaki mjane mwenye umri wa miaka 36, na watoto 7 wa kulisha na kusomesha.

Afanyeje? Akachagua kuwalea kwa kazi ya mikono yake. Mwaka kwa mwaka akasafiri katika miji ya Ulaya, na mara nyingi akavuka bahari kwenda Uingereza. Hatusemi ya kuwa njia hiyo ilikuwa nyepesi. Ilimpasa kuwaweka watoto kwa watu wengine, naye akawalea kwa barua. Binti yake Julie akafa mwaka wa 1872, na mwanawe Felix mwaka wa 1879. Mwana mwingine akaugua akili. Mara nyingi aliketi mbele ya piano moyo wake ukiwa umejaa msiba. Lakini hakutaka kujionyesha kwa wepesi wa vidole, kama wengi wa siku zile walivyofanya. Alipiga muziki wa Bach, wa Beethoven, na wa marehemu mumewe, jinsi ulivyoandikwa.

Mwaka wa 1878, akiwa karibu na miaka 60, aliitwa kuwa mwalimu katika chuo cha muziki cha Frankfurt kilichofunguliwa mwaka ule ule. Wanafunzi wakamjia kutoka nchi nyingi. Aliwafundisha wasiipige piano kwa nguvu kama mtu apigaye ngoma, bali waibonyeze ili sauti itoke kama uimbaji. Tena wasiongeze neno wala kupunguza katika kazi ya mtungaji. Binti zake Marie na Eugenie walimsaidia. Mwaka wa 1891 alipiga mara ya mwisho mbele ya watu, na mwaka wa 1892 akaacha kufundisha chuoni. Akafariki tarehe 20 Mei 1896, akazikwa Bonn karibu na mumewe.

Ndugu wasomaji, twakumbuka mfano wa Bwana wetu juu ya talanta. Huyu mjane hakuifukia talanta yake ardhini wakati wa msiba, ingawa watu wasingemlaumu. Aliitumia kuwalisha watoto, kisha akawapa wengine aliyoyapokea. Nawe uliyepewa sauti ya kuimba, au mkono wa kuandika, au akili ya kufundisha, umeiweka wapi talanta yako?