Sayyid Barghash na dada aliyemsusa London

Kila nikija London kwa mwanangu, humkumbuka Sayyid Barghash bin Said. Skuli niliyosoma mie, ya mishen, tulifundishwa kwamba alifunga soko la watumwa Unguja mwaka 1873, basi, kengele ikalia. Wazee wetu nyumbani walijua zaidi.

Mwaka 1875 Sayyid alikuja hapa, akaonana na Malkia Victoria. Mwisho wa mwaka uleule askari wa Khedive wa Misri wakashuka Barawa na Kismayu, bandari zake. Waingereza wakambana Khedive, Wamisri wakaondoka. Sayyid akaona kapata mlinzi. Mwaka 1877 hata jeshi lake jipya akampa Mwingereza, Lloyd Mathews, alifunze.

Lakini siku zile za London, dada yake Bibi Salme naye alikuwa hapahapa. Ndiye aliyemwandikia barua za siri mwaka 1859, Barghash alipotaka kumpindua kaka yao Majid. Baadaye Salme aliolewa na Mjerumani wa Hamburg, akabadili dini. Mume akafa, akabaki mjane na watoto watatu. Alikuja London kutaka radhi ya kaka yake. Bartle Frere, aliyetumwa Unguja kwa ule mkataba wa 1873, akamzuia kwa ahadi ya kuwasomesha wanawe, na ahadi haikutimizwa. Barghash naye hakumsamehe.

Agosti 1885 manowari za Wajerumani zikatia nanga mbele ya Unguja. Bismarck alitaka bara. Na katika safari ile walimleta Salme, madai yake ya urithi yakawa fimbo ya kumchapia kaka yake. Waingereza hawakumtetea Sayyid, walimshauri akubali. Akakubali. Mwaka 1886 wakubwa hao wawili wakagawana: wakamwachia visiwa, ukanda wa pwani wa maili 10 na miji michache ya kaskazini. Akafariki 1888, hajapatana na dada yake.

Sisemi kwamba angempokea Salme Wajerumani wangerudi kwao. Walifuata ardhi, wangekuja tu. Lakini wasingekuja na binti wa Sayyid Said melini. Barghash alimchunga jirani wa kaskazini, akamwamini mgeni, akamwacha mtu wa tumbo la nyumba yake aokotwe na wengine.

Nanyi mlioko Muscat na Dubai, mwenye nduguye aliyemsusa, ampigie simu leo.