Stradivari, fundi aliyejua kungoja

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ukipita Uthiru, upande wa magharibi wa Nairobi, utaona viti, vitanda na makabati yamepangwa nje ya karakana za maseremala, na kila kilichopakwa vanishi kinameremeta juani ili kimwite mpita njia. Lakini mtu aliyebobea katika kazi hiyo anajua kwamba kupaka si taabu. Taabu ni kungoja kikauke. Vumbi la barabara halina simile, mteja ameshatoa arubuni na kila siku yuaja kupiga hodi, na baridi ya mwezi wa Julai huifanya vanishi ikawie. Mtihani huo haukuanza leo. Ulimkuta fundi mmoja wa Kitaliani zaidi ya miaka 300 iliyopita, na namna alivyoukabili ni sehemu ya yale yaliyolifanya jina lake lisife. Huyo ni Antonio Stradivari wa mji wa Cremona, bingwa wa fidla.

Fidla si ngeni kwetu sisi watu wa pwani. Hakuna taarabu ya fahari isiyokuwa nayo, ikiitikiana na udi na kanuni. Udi nao ulivuka bahari pamoja na Waarabu wa Andalusi, ukawafundisha watu wa Ulaya kufanya vyombo vya nyuzi vyenye tumbo la mbao nyembamba, hata jina lake wakalichukua wakaligeuza kidogo. Basi habari za fundi huyu tunazisoma kama habari za jamaa wa mbali.

Wanahistoria wanakadiria kuwa Stradivari alizaliwa karibu na mwaka 1644, kwa sababu uzeeni alikuwa akiandika umri wake katika vibandiko alivyovibandika ndani ya fidla zake. Kibandiko cha mwanzo chenye jina lake ni cha mwaka 1666, na humo alijitaja kuwa mwanafunzi wa Nicolò Amati, mkuu wa ukoo uliokuwa umeshatengeneza fidla mjini humo kwa zaidi ya miaka 100. Mwaka 1667 alimwoa mjane aitwaye Francesca Feraboschi. Mwaka 1680 akanunua nyumba katika uwanja wa San Domenico. Juu kabisa ya nyumba hiyo, chini ya paa, palikuwa na dari iliyo wazi kwa upepo, na huko ndiko alikokuwa akitundika vyombo vyake vikauke.

Aghalabu watu humtaja kwa fidla tu, ilhali alitengeneza pia vinubi na magita. Gita lake moja la mwaka 1679 lipo hata leo nalo lapigika, na jingine la mwaka 1688 limehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Ashmolean, mjini Oxford, Uingereza.

Sasa tuutazame mti wenyewe. Uso wa fidla hufanywa kwa mti mwepesi wa jamaa ya msonobari, lakini mgongo wake ni wa mti uitwao mepo, uotao katika nchi za baridi. Katika baadhi ya mimepo nyuzi za mti hazipandi zikanyooka bali huenda zikipinda kama mawimbi. Ubao wa mti huo ukipigwa randa, mwanga huangukia nyuzi zilizosimama na zilizolala, na hapo hutokea milia ya giza na nuru. Ukiugeuza ubao, milia nayo yasogea, mfano wa kitambaa cha hariri mkononi mwa bibi harusi. Uzuri huo haukutiwa na binadamu. Umo ndani ya mti, na mpakaji ama ataufichua ama ataufukia. Rangi nzito huuziba. Rangi iliyonywewa ovyo huacha madoa yasiyofutika.

Ni jambo gani basi alilolifanya Stradivari? Kwa muda mrefu watu walisimulia mengi: kwamba alikuwa na dawa ya siri, kwamba alichanganya kitu ambacho hakuna mwingine aliyekijua. Mwishoni mwa mwaka 2009 wataalamu wa Ufaransa walitangaza matokeo ya uchunguzi wao wa vyombo vyake vitano. Walikuta kwamba kwanza aliupaka ubao mafuta ya namna ya yale ya mbegu za kitani, yakaingia kidogo juu juu ya mti. Kisha alipaka vanishi ya mafuta na utomvu wa msonobari, na katika baadhi ya vyombo alitia rangi nyekundu kidogo, ya madini ya chuma au ya wadudu wanaosagwa. Vitu hivyo vilikuwa vikipatikana madukani, na wachoraji na maseremala wa zama zake walivitumia. Dawa ya siri haikuonekana.

Lililoonekana ni mpango wa kazi: kuulisha mti kwanza, kisha kuuvisha rangi nyembamba ipitishayo mwanga, kisha kungoja. Katika barua yake ya mwaka 1708 Stradivari alimwomba radhi mteja kwa kuchelewa kwa fidla, akaeleza kuwa sababu ni vanishi, kwa maana jua lisije likaipasua. Fundi alikuwa ameshapita umri wa miaka 60, jina lake limeenea, na bado aliona afadhali aandike barua ya kuomba radhi kuliko kutoa kazi mbichi. Hakika subira ni ufunguo wa faraji.

Francesca alifariki mwaka 1698, na mwaka uliofuata Stradivari akamwoa Antonia Maria Zambelli. Miaka iliyofuata, toka 1700 hadi kama 1725, ndiyo inayohesabiwa kuwa miaka yake ya dhahabu. Ile fidla yake ya mwaka 1716 iitwayo Masihi, iliyoko Ashmolean pamoja na lile gita, haikupigwa sana, kwa hiyo vanishi yake ingali nzima na milia ya mgongo wake yang'aa. Inakadiriwa kuwa vyombo vyake kama 650 vimebaki duniani.

Alifanya kazi mpaka baada ya miaka 90, akafariki tarehe 18 Desemba 1737. Na hapa ndipo penye huzuni ya habari hii. Wanawe wawili, Francesco na Omobono, walifanya kazi chini ya mkono wake mpaka nao wakawa wazee. Omobono alifariki mwaka 1742, Francesco mwaka 1743. Katika muda wa miaka sita karakana ikawa haina Stradivari. Mwana mwingine, Paolo, alikuwa mfanya biashara ya nguo, naye ndiye aliyekuja kuviuza vifaa na kalibu za babake kwa tajiri mmoja mpenda fidla. Kalibu hizo zimo katika makumbusho ya Cremona hata leo. Kalibu zilibaki, mikono ilikwenda.

Waliokuja baadaye walitafuta vanishi kila pembe ya dunia. Katika karne ya 19 sandarusi iliyochimbwa Mrima ilipakiwa Unguja ikapelekwa Ulaya na Marekani, ikayeyushwa kuwa vanishi ya magari ya farasi na samani. Kampuni ya Gibson ya Marekani, katika miaka ya 1920, iliita rangi yake ya kahawia kwa jina la Cremona. Mwaka 1958 kampuni hiyo ilianza kuweka rangi nyekundu iliyofifia hadi manjano juu ya gita la umeme la Les Paul, ili mawimbi ya mepo yaonekane. Mengi ya magita hayo yalipoteza wekundu wake kwa jua, kwani rangi haikustahimili nuru. Leo mafundi hupaka kwanza rangi nyeusi, wakaikwangua kwa msasa hata ikabaki katika mawimbi tu, kisha wakapaka rangi angavu na vanishi juu yake. Njia imegeuka, kanuni ni ile ile.

Mwaka 2012 wapigaji stadi 10 walijaribu fidla za kale na mpya wakiwa wamevaa miwani ya giza, na iliyopendwa zaidi ilikuwa mpya. Hilo halimpunguzii marehemu sifa. Lamaanisha kwamba aliyoyaweza binadamu mmoja, mwingine ayaweza, akijifunza na akifundishwa.

Basi kijana wa Uthiru anayeshika ubao kwa mara ya kwanza asihangaike kutafuta dawa iliyofichwa. Naampige randa sawasawa, aupe mti mafuta, rangi aipake nyembamba, na mteja amwambie kweli. Naye fundi mzee asingoje mauti ili aache kalibu peke yake. Amshike mwanafunzi mkono angali hai.