Stanley alipata medali, Bumbire ilipata risasi

Wadau, wakusanyaji wa medali za safari za zamani wanamjua sana Henry Morton Stanley. Sisi wa Bukoba na Muleba tuna habari yake nyingine.

Jamaa alizaliwa Wales mwaka 1841, jina lake John Rowlands, akalelewa nyumba ya maskini. Mwaka 1874 alitoka Bagamoyo na boti yake, Lady Alice, imebebwa vipande vipande na wapagazi. 1875 akalizunguka Ziwa Victoria. Aprili alitua kisiwa cha Bumbire, Muleba, kutafuta chakula. Wenyeji wakamnyang'anya makasia, akafyatua risasi akakimbia. Agosti akarudi na mitumbwi ya Waganda, akawamiminia risasi watu wa ufukweni huku mishale yao haimfikii.

Mwaka 1890 Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia, London, ilimpa medali ya dhahabu kwa safari ya kumwokoa Emin Pasha, yuleyule aliyeanzisha kituo cha Bukoba baadaye mwaka huohuo. Wazanzibari waliosalimika safari ile walipewa nyota za fedha, na wakusanyaji wanazisaka mpaka leo. Stanley alifariki 1904.

Mimi naona medali zitunzwe, ila zikionyeshwa na Bumbire itajwe. Wewe je? Toa maoni.