Bill Gore: Mtu aliyeuvika waya vazi la Teflon

Jina la Gore linajulikana ulimwenguni kutokana na Gore-Tex, kitambaa cha makoti yasiyopenya mvua. Ni wachache wanaofahamu kwamba safari ya Mmarekani huyo ilianzia kwenye ganda la waya wa umeme.

Wilbert Lee Gore, maarufu kwa jina la Bill, alizaliwa Januari 25, 1912 huko Meridian, jimbo la Idaho. Alisomea uhandisi wa kemia katika Chuo Kikuu cha Utah, na mwaka 1935 alimwoa Genevieve Walton.

Baadaye alijiunga na kampuni ya DuPont, ambako aliifahamu Teflon, plastiki iliyogunduliwa kwa bahati na Roy Plunkett mwaka 1938. Gore aliona kuwa plastiki hiyo ingefaa sana kuhami nyaya za kompyuta. PVC inayofunika nyaya nyingi za majumbani kwa kawaida hukusudiwa joto la nyuzi 70 za Selsiasi. Teflon huhimili nyuzi 260, wala haidhuriki na kemikali nyingi.

Hata hivyo, ustahimilivu huo ndio uliokuwa kikwazo. PVC huyeyuka na kutiririka, hivyo ni rahisi kuivika waya. Teflon, hata ikipita nyuzi 327 inapoyeyuka, hubaki nzito isitiririke.

Gore alihangaika katika chumba cha chini ya nyumba yake, mjini Newark, Delaware. Mwaka 1957 mwanawe, Bob, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, alipendekeza watumie utepe wa Teflon. Nyaya zikalazwa kati ya tepe mbili, zikagandamizwa, na jaribio likafaulu.

DuPont ilipendelea kuuza malighafi kuliko kutengeneza nyaya. Akiwa na umri wa miaka 45 na watoto watano, Gore aliacha ajira yenye uhakika. Januari 1, 1958, siku ya kumbukumbu ya ndoa yao, yeye na mkewe walianzisha kampuni ya W. L. Gore & Associates katika chumba kilekile.

Ushindani haukukosekana. Plastiki ya FEP, iliyoingia sokoni mwaka 1960, ni ya jamii moja na Teflon na hutiririka kwa urahisi, lakini kikomo chake ni nyuzi 200. ETFE, iliyofuata katika miaka ya 1970, ni ngumu zaidi kukwaruzika, ila huishia nyuzi 150 hivi. Kwenye joto kali, Teflon ilibaki na nafasi yake.

Mwaka 1969 nyaya za Gore zilisafiri na Apollo 11 hadi mwezini. Mwaka huohuo Bob aligundua namna ya kuivuta Teflon kwa ghafla, ugunduzi uliozaa Gore-Tex.

Bill Gore alifariki dunia Julai 26, 1986, akiwa na umri wa miaka 74, wakati akitembea katika milima ya Wyoming. Kampuni iliyozaliwa chini ya nyumba yake imeendelea kutengeneza nyaya hadi leo.