Philippa Foot: Mwalimu aliyeuliza swali ambalo leo linaulizwa magari

Magari yanayojiendesha yakitajwa, mjadala haukawii kufika kwenye swali moja. Breki zimekataa, mbele kuna watu watano, pembeni yuko mmoja. Gari limgonge nani? Swali hili halikutoka kwa mafundi wa magari. Asili yake ni Philippa Foot, mwalimu wa falsafa wa Uingereza, aliyeliandika mwaka 1967 akiwa anafikiria mambo mengine kabisa.

Alizaliwa tarehe 3 Oktoba 1920 katika familia yenye uwezo. Mama yake alizaliwa ndani ya Ikulu ya Marekani, maana babu mzaa mama wa Philippa, Grover Cleveland, alikuwa rais wa nchi hiyo. Lakini katika tabaka lao, mtoto wa kike hakutarajiwa kusoma sana. Philippa alikulia mashambani kaskazini mwa Uingereza, akifundishwa na walimu wa nyumbani ambao, kwa kumbukumbu yake mwenyewe, hawakumwachia elimu ya maana. Hata hivyo mwaka 1939 aliingia Chuo cha Somerville, Oxford, na mwaka 1942 akamaliza kwa daraja la kwanza.

Kilichompa mwelekeo wa maisha ni mwaka 1945. Vita vilipokwisha, picha za kambi ambamo utawala wa Hitler uliua watu zilionyeshwa Uingereza. Wakati huo wanafalsafa wengi wa Oxford walifundisha kwamba mtu akisema jambo fulani ni ovu, anatoa hisia zake tu, na hakuna ukweli wa kupimwa hapo. Foot alizitazama picha zile akaona fundisho hilo haliwezi kuwa sahihi. Kama ubaya ni suala la hisia tu, basi aliyeua na aliyeuawa wametofautiana mawazo, basi. Alitumia zaidi ya miaka 50 kulipinga hilo.

Hakuishia kwenye vitabu. Alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo wa Oxfam, shirika la misaada lililoanzishwa mjini Oxford mwaka 1942, na aliendelea nalo maisha yake yote.

Sasa tuje kwenye lile swali. Makala yake ya mwaka 1967 ilihusu utoaji mimba. Ndani yake alitoa mfano mfupi wa tramu, yaani lile treni dogo la mjini linalopita kwenye reli. Tramu limemshinda dereva. Mbele wapo wafanyakazi watano relini, na kwenye reli ya pembeni yupo mmoja. Dereva anachoweza ni kuchagua reli tu. Foot aliona, kama wengi wetu tunavyoona, kwamba apite kwa yule mmoja.

Watu wengi hukomea hapo, wakati yeye ndipo alipoanzia. Aliweka mfano wa pili kando ya ule. Umati wenye hasira unadai mhalifu apatikane, la sivyo utaua watu watano. Jaji hamjui mhalifu, lakini anaweza kumsingizia mtu mmoja asiye na hatia na kumnyonga, umati utulie. Hesabu ni ileile, mmoja kwa watano. Mbona dereva tunamwelewa na jaji tunamlaani?

Jibu lake lilikuwa kwamba tuna wajibu wa namna mbili: kutomdhuru mtu, na kumsaidia mtu. Wa kwanza ni mzito zaidi. Tramu la yule dereva litaua kokote litakakoelekea, kwa hiyo yeye anapima madhara yake mwenyewe kwa madhara yake mwenyewe, na anachagua yaliyo madogo. Jaji hayuko hivyo. Yeye angeua kwa mkono wake ili kuwaokoa watu na mikono ya wengine.

Mwaka 1976 mwanafalsafa wa Marekani, Judith Jarvis Thomson, aliuendeleza mfano wa tramu, ukaenea vyuoni duniani kote. Jaji akasahaulika. Mwaka 2016 watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, waliweka kwenye intaneti maswali ya gari linalojiendesha: ligonge mzee au mtoto, watu wengi au wachache? Walikusanya majibu takriban milioni 40. Wengi walitaka waokolewe walio wengi, na vijana kabla ya wazee. Kwa maoni yetu, huko ni kuhesabu vichwa, na Foot alikuwa ameonyesha kwamba hesabu peke yake haitoshi.

Halafu ikaja ajali ya kweli. Usiku wa tarehe 18 Machi 2018, mjini Tempe, Marekani, gari la majaribio la kampuni ya Uber lilimgonga na kumuua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara akikokota baiskeli. Hapakuwa na watano wala mmoja wa kuchagua. Wachunguzi walikuta kwamba vifaa vya gari vilimwona sekunde 5.6 kabla, lakini programu yake haikutengenezwa kumtarajia mtu kwa miguu mahali pasipo na kivuko. Msimamizi aliyekuwa ndani naye hakuwa akitazama barabara. Sisi tunaovuka popote njia inapokatiza tunajua uzito wa jambo hilo. Hapo uamuzi ulifanyika mezani, muda mrefu kabla ya ajali.

Ujerumani ilitoa mwongozo wake mwaka 2017. Ajali isipoepukika, gari lisibague watu kwa umri, jinsia wala hali ya mwili. Kupunguza idadi ya majeruhi kunaweza kukubalika, lakini wale walioileta hatari barabarani wasimtoe kafara mtu asiyehusika. Kifungu hicho cha mwisho kiko karibu sana na Foot.

Yeye mwenyewe alifundisha Oxford na baadaye Los Angeles. Mwaka 2001, akiwa na miaka 80, alitoa kitabu kikubwa kikilinganisha wema wa binadamu na uzima wa mimea na wanyama: mti wenye mizizi imara, au mbwa mwitu anayekula nyama na wenzake bila kushiriki kuwinda, ambaye yeye alimhesabu kuwa na kasoro. Alifariki Oxford tarehe 3 Oktoba 2010, siku aliyotimiza miaka 90, miaka sita kabla ya maswali ya MIT.